Korongo Aliyemeza Jiko

Hapo kale, yaani kabla ya mvua za mwaka juzi, palikuwa na nchi. Bado ipo, pole yetu. Jina lake silitaji, kwa kuwa kulitaja kunahitaji kibali. Nimeomba, nikaambiwa kibali kiko kwenye mchakato. Katika nchi hiyo kila kitu kizuri kiko kwenye mchakato. Maji yako kwenye mchakato, dawa ziko kwenye mchakato, barabara iko kwenye mchakato tangu mama yangu hajavunja ungo. Mabaya tu ndiyo hufika yenyewe, bila barua ya utambulisho.

Mimi ni bibi wa kijiji cha Mteremkoni. Nilisoma mpaka darasa la saba, enzi zile mwalimu akikukuta umekosea upatanisho wa maneno unarudi nyumbani makalio yanawaka. Nalisema hili mapema kwa sababu habari yote hii ilitokana na silabi moja.

Kijijini kwetu kuna korongo. Tuelewane hapo kabla sijaendelea. Nasema korongo la ardhini, lile bonde linalochimbwa na maji ya mvua, wala si korongo ndege, yule mwenye miguu mirefu anayesimama matopeni kama karani aliyenyang'anywa kiti. Nilipoolewa huku, korongo letu lilikuwa mfereji tu. Ulikuwa unaruka na ndoo kichwani na maji hayamwagiki. Kisha miti ya mlimani ikakatwa ili kujenga nyumba ya mapumziko ya Waziri wa Misitu, na kibali cha kukata, ajabu, hakikupita kwenye mchakato wowote. Tangu hapo maji yakawa yanashuka bila kushikwa na kitu. Korongo likapanuka. Lilimeza njia ya kisimani, likameza ng'ombe wa kanisa, likameza jiko la jirani yangu Sikujua, na chungu cha maharage kikiwa mekoni, maharage yenyewe yameshaiva, yanangoja chumvi.

Sasa lilikuwa linakwenda kumeza zahanati. Zahanati hiyo tuliijenga wanawake kwa matofali tuliyobeba vichwani, na ina chumba kimoja cha kujifungulia, kitanda kimoja, pazia moja la maua ya bluu. Ukingo wa korongo ulikuwa umeshafika kwenye kamba ya kuanikia mashuka. Na mjukuu wangu Tunu alikuwa na mimba yake ya kwanza, nesi alimpima nyonga, akaniita pembeni akaniambia, "Bibi, huyu asithubutu kuzalia nyumbani." Siku zake zilikuwa zinaangukia katikati ya masika.

Basi tukawa kila tunaporudi mtoni tunaokota jiwe na kulitupa korongoni. Hiyo ndiyo ilikuwa sera yetu ya mazingira.

*

Siku moja likaja gari, na ndani ya gari Bwana Kipengele, Afisa Uibuaji wa Fursa. Katika nchi ile afisa mwenye gari husalimiwa shikamoo hata na aliyemzalisha mama yake, kwa hiyo tulimwamkia. Alikuwa kijana wa kama mjukuu wangu wa pili. Akaitikia "marahaba" bila haya, akavua miwani, akasema:

"Bibi zangu, nimewaletea mabadiliko ya tabianchi."

Jamani, tulipiga vigelegele! Sikujua akatoka katikati akacheza, kanga ikamdondoka. Miaka yote hiyo tumekuwa tukimwomba Mungu tabia ya nchi ibadilike. Kipengele akasubiri tumalize, kisha akatufafanulia kwamba tabianchi ni mambo ya jua, mvua na upepo wa miaka mingi. Tukakaa chini mmoja mmoja.

"Na tabia ya nchi yenyewe, hii ya watu wake?" akauliza Sikujua.

"Hiyo haina mfadhili," akasema Kipengele.

Akatueleza kwamba ng'ambo kuna watu wenye huruma waliochafua hewa, sasa wanatoa ruzuku kwa watu wasioichafua, mradi wasioichafua wathibitishe kwa maandishi kuwa wanateseka. Kuteseka tu hakutoshi. Lazima uteseke kwa mujibu wa mwongozo. Akatupa semina ya kutafuta ruzuku. Tulifundishwa kwamba ruzuku haiombwi, inaandikiwa andiko. Kwamba andiko lisilo na neno "wadau" halisomwi. Na kwamba kikundi kinachoomba lazima kiwe na katiba, mhuri, akaunti ya benki yenye fedha ndani yake, na ushahidi wa kuwahi kupata ruzuku.

"Kwa hiyo ili tupate lazima tuwe tumeshapata?" nikauliza.

"Umeelewa haraka sana, Bibi. Wengine huchukua semina mbili."

Mhuri tulichonga kwenye kandambili. Katiba tuliazima ya timu ya mpira, ndiyo maana mpaka leo kikundi chetu cha wakina bibi kina kifungu kinachokataza kumpiga refa.

*

Siku ya kuandika andiko Kipengele aliketi kwenye benchi la zahanati, kompyuta mapajani, mgongo ameuegemeza ukutani. Nyuma ya ukuta huohuo ndiko liliko korongo. Tulimwomba ainuke akalione.

"Kuona kuko kwenye awamu ya pili," akasema. "Awamu hii ni ya kuandika. Haya, tatizo?"

"Korongo limemeza jiko langu," akasema Sikujua.

Kipengele akaandika, akasita, akatabasamu vile wanavyotabasamu. "Bibi, hapo pana kosa la lugha. Kinachomeza ni kiumbe hai. Kiumbe hai tunasema a. Korongo amemeza."

"Limemeza," nikasema mimi.

"Umesoma mpaka wapi, Bibi?"

"La saba."

"Mimi nina shahada mbili, na ya pili nimeipata kwa mtandao. Amemeza."

Mwalimu wangu wa la tatu alinijia akilini na fimbo yake, nikafungua mdomo. Sikujua akanifinya. "Mwache, Mama Kulwa," akaninong'oneza. "Aandike hata wamemeza. Sisi tunataka mawe."

Basi Kipengele akaendelea.

"Huyu korongo ni mkubwa?"

"Kila masika anaongezeka," akasema Sikujua, akimfuata lugha yake kwa adabu.

"Anakula nini?"

"Mashamba. Mbuzi. Njia. Ng'ombe wa kanisa."

Kipengele akapiga mluzi mdogo. "Anapatikana wakati gani?"

"Yupo saa zote, baba. Aende wapi?"

"Ninyi mnataka mradi ufanye nini?"

"Tunataka mawe, na waya wa kuyafungia, na miche ya kupanda kandokando," nikasema. "Tumtulize kabla hajafika kwenye chumba cha wazazi."

Akaandika huku akisoma kwa sauti: "Wanajamii wanaomba korongo apatiwe utulivu."

Kulikuwa na swali la hewa ukaa. "Kikundi chenu kinazalisha hewa kiasi gani?"

"Hatujawahi kupima," akasema Sikujua. "Lakini kamuulize mkamwana wangu, ndiye anayelala chumba cha pili. Hasa msimu wa maharage."

Akaandika: "Takwimu za awali zipo ngazi ya kaya." Kisha akauliza swali la mwisho, na hili aliliuliza kwa sauti nzito kama padri: "Je, wafadhili wakiondoka, ninyi mtaendelea kuwepo?"

"Mwanangu," nikasema, "hata kabla hawajaja tulikuwepo."

Akasema jibu hilo ni refu mno kwa kisanduku kile. Akaandika "Ndiyo".

*

Tukasikia redioni. Nchi yetu imepata ruzuku kubwa kuliko zote katika historia ya mazingira, kwa ajili ya korongo wa Mteremkoni, ndege pekee duniani anayemeza jiko. Mfadhili, mama mmoja wa nchi za baridi ambaye sisi tulimwita Madamu kwa kuwa jina lake lilikuwa na herufi zinazogombana, alilia aliposoma andiko letu. Kiumbe kikubwa namna hiyo kinaishi na kula majiko ya jirani zake maskini, na wale maskini, badala ya kumwinda, wanaomba apatiwe utulivu!

Wizara husika, Wizara ya Hewa, Ukungu na Yanayofanana na Hayo, haikuchelewa. Ilinunua magari. Ilinunua darubini, kofia, na viatu vya matopeni vya wizara nzima pamoja na wake zao. Watumishi walipelekwa kwenye hoteli ya ufukweni kujifunza kunyamaza mbele ya ndege, na posho ya kunyamaza ikawa kubwa kuliko ya kusema, ndiyo maana katika wizara ile mpaka leo ukiuliza swali hupati jibu.

Mawe hayakuja. Waya haukuja. Ukingo ukapita kamba ya mashuka. Nguzo yake ikaanguka siku ya Jumamosi, na mashuka mawili ya zahanati yakaenda na maji.

*

Siku ya uzinduzi alikuja Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Profesa Dakta Balozi Mstaafu Hongera Mapambio. Udaktari alipewa na chuo alichokifungua, uprofesa alipewa na chuo alichotishia kukifunga. Walitandika zulia jekundu kutoka kwenye gari mpaka kwenye kipaza sauti. Akahutubia.

"Ndugu wananchi! Korongo huyu si ndege tu. Ni tunu. Ni dira. Ni injini inayopaa! Mataifa mengine yana simba, yana tembo. Sisi tuna korongo mla jiko! Nauliza: mnaona fahari?"

"Tunaona kwa mbali!" akajibu Sikujua, na watu wa itifaki wakaandika kwamba wananchi wameitikia.

Kisha wakamwongoza nyuma ya zahanati akakate utepe. Utepe wenyewe walikuwa wameufunga kwenye miti miwili ukingoni kabisa. Mheshimiwa akasogea, mkasi mkononi. Akatazama chini.

Nami nilisimama karibu, kwa hiyo nasimulia nililoliona. Alitazama muda mrefu. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akamtazama Kipengele, na uso wa Kipengele ulikuwa umegeuka rangi ya ugali wa muhogo. Nikasema moyoni, haya, leo yamefika mwisho. Kumbe sikuijua nchi yangu.

"Ni mkubwa," akasema Waziri polepole, "kuliko nilivyotarajia."

Watu wa kofia wakapiga makofi.

"Kichwa chake kiko wapi?"

Nikamjibu mimi. "Kichwa kiko kule juu, Mheshimiwa, kuelekea zahanati. Ndiko anakoendelea kula."

"Na mdomo?"

"Mdomo uko chini kule, unapoingia mtoni."

"Mbona kichwa na mdomo vimeachana hivyo?"

Mtaalamu mmoja akakohoa. "Mheshimiwa, huo ndio upekee wa spishi."

Waziri akatikisa kichwa kwa heshima. "Anaruka?"

"Zamani watu waliruka," nikasema. "Mimi mwenyewe nimeruka sana hapa, na ndoo kichwani. Sasa amepanuka mno, hakuna anayeruka tena."

Mheshimiwa akatoa kitambaa. Kamera zikamsogelea, naye akazisubiri zisogee. "Ndege asiyeweza tena kuruka," akasema, machozi yakimtoka jicho lililo upande wa kamera. "Haya ndiyo mabadiliko ya tabianchi." Akakata utepe, nao ukadondoka korongoni, na kipande cha ukingo kikaufuata.

Walipokuwa wanapanda magari nilimkamata Kipengele mkono. "Mwanangu, umeona mwenyewe sasa. Ni korongo, li. Rekebisha."

Akaangalia huku na huku. "Bibi, naona. Hata Mheshimiwa ameona. Lakini tukirekebisha, ruzuku inarudi. Na haiwezi kurudi, kwa sababu," hapo akashusha sauti, "haipo. Andiko likishapita, Bibi, ni dunia ndiyo inayolifuata andiko."

"Na zahanati?"

"Zahanati haimo kwenye andiko."

*

Baada ya korongo kuwa ndege, ikaja sheria ya ndege. Kanuni za Hifadhi ya Korongo zilibandikwa kwenye mlango wa zahanati, juu ya ratiba ya chanjo. Zilisema ni marufuku kumpigia korongo kelele, kumcheka, kumtupia mawe, kumziba mdomo, na kumsumbua kwa namna yoyote anapoatamia. Zilisema pia ni wajibu wa kila raia mwema kumsaidia korongo kupata kiota.

Siku iliyofuata Sikujua akarudi mtoni na jiwe lake, akalitupa kama kawaida. Askari wa hifadhi wakatoka kichakani. Alishtakiwa kwa kumtupia korongo mawe kwa nia ya kumziba mdomo, akapatikana na hatia, akaamriwa amwombe korongo radhi hadharani. Tulikusanyika. Sikujua akasimama ukingoni, kanga amejifunga kifuani, askari anarekodi kwa simu.

"Ewe korongo," akasema, "nisamehe mimi mkosefu. Ulikula jiko langu nikanuna. Ulikula chungu na maharage yake nikakuita mshenzi. Nilikutupia jiwe ilhali ungeweza kunila na mimi nami nikawa maendeleo. Naomba radhi, na kama maharage yalikosa chumvi, niliiacha mezani."

Askari akamwambia asogee karibu na simu, sehemu ya chumvi haikusikika vizuri.

Tulicheka siku hiyo. Lakini jioni nilikwenda zahanati kumsindikiza Tunu kliniki, nikaona ufa kwenye baraza ya chumba cha wazazi. Niliingiza kidole, kikaingia chote. Tunu akaniuliza, "Bibi, nitazalia wapi?" Mawe tumekatazwa, na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya juu ya mlima ule uliokuwa na miti.

*

Aliyetuokoa ni Kipengele, bila kukusudia, kama kawaida ya serikali ikiokoa mtu.

Alikuja siku moja kwa miguu, gari limekwama, jasho linamtiririka. Alikaa kwenye lile benchi, safari hii hakuegemea ukuta.

"Bibi zangu, nisaidieni. Madamu anakuja kukagua. Andiko linasema mpaka sasa tuwe na viota. Viota ni kiashiria. Mimi sina hata kimoja."

"Si mlikuwa na fungu la viota?" akauliza Sikujua.

"Lilikuwepo," akasema Kipengele, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Nikamwomba anisomee mwongozo unasemaje juu ya kiota cha korongo. Alikuwa nao, umenakiliwa kutoka kitabu cha ndege wa kweli. Akasoma: "Korongo hujenga kiota kipana cha vijiti na majani makavu, karibu na maji. Hukirudia kila mwaka na kukiongeza."

Nikamwangalia Sikujua. Sikujua akaniangalia. Tumekuwa majirani muda mrefu, hatuhitaji kusemezana.

"Baba," nikasema, "viota tutakujengea. Vingi. Lakini tuleteeni mawe."

"Mawe ya nini kwenye kiota?"

"Korongo aliyemeza ng'ombe mzima, akikalia vijiti vitupu si vitavunjika?"

Kipengele alifikiri, kisha akachukua kalamu. "Kuimarisha viota kulingana na uzito wa spishi," akaandika, na uso wake ukapata damu tena. Lori la mawe lilikuwa barabarani siku hiyohiyo, likielekea kujenga ukuta wa nyumba ya mkubwa fulani. Akapiga simu, likageuzwa. Ndilo tendo pekee la haraka nililowahi kuliona kwa serikali yetu, nalo lilifanyika kwa sababu ya woga.

Tukajenga. Kila kiota kilikatiza korongo kutoka ukingo hadi ukingo. Tulichomeka miti, tukasuka matawi katikati kama tunavyosuka tenga, tukapanga mawe makubwa chini na madogo juu, tukashindilia nyasi. Kandokando tukapanda mkonge na matete. Kimoja chini mtoni, kingine juu yake, na kingine, mpaka kwenye kichwa nyuma ya zahanati. Askari wa hifadhi walituona tunapitisha mawe wakanyanyuka.

"Hatutupi," Sikujua akawapigia kelele. "Tunaweka. Tofauti mnaijua au niwaletee mwenye shahada mbili?"

Madamu alipokuja alishuka kiota kwa kiota akiyashika mawe kama anapapasa mtoto. Aliuliza korongo mwenyewe yuko wapi. Kipengele akamwambia amesimama juu yake. Mkalimani akatafsiri kwamba amesimama katika makazi yake, Madamu akalia tena.

*

Mvua ilianza mchana, na uchungu wa Tunu ulianza mchana huohuo, kana kwamba walikuwa wameagana.

Nilisimama barazani mwa zahanati, mguu mmoja upande huu wa ufa, mwingine upande wa pili. Ndani Tunu alikuwa analia, nesi akimwambia asisukume bado. Nje maji yalikuwa yanashuka mlimani, mekundu, yamebeba visiki na kandambili za watu. Nikasikia yakigonga kiota cha kwanza. Mawe yalinguruma. Nikasema basi, kimekwenda. Hakikwenda. Maji yakajaa nyuma yake, yakazunguka, yakachoka, yakapita juu yake taratibu kama mtu anayevuka kizingiti cha mkwe. Kiota cha pili yakafika yamepoa zaidi. Kule chini Sikujua alikuwa amesimama kwenye mvua na kanga kichwani, kila kiota kikishikilia anapiga kelele, "Huyooo! Kakalia kiota!"

Baraza haikusogea. Nesi akatoa kichwa mlangoni, akaniambia mjukuu wako kapata wa kike, ana sauti kama kengele ya shule.

Masika ile yote korongo lilikuwa linajazwa udongo nyuma ya viota, na kwenye udongo nyasi zikaota. Lilipokauka, mbuzi walikuwa wanashuka kula ndani yake. Sehemu nyingine ungeweza kuruka tena. Sikujaribu, magoti yangu hayana fungu la majaribio. Lakini watoto walijaribu.

*

Wataalamu wakaja na kamba za kupimia. Walipima wakanyamaza, kama walivyofundishwa kule ufukweni. Kisha redio ikatangaza kwa sauti ya msiba: korongo wa Mteremkoni amepungua urefu, upana na kina. Korongo amekonda. Korongo yuko hatarini kutoweka.

Waziri alilia kwa jicho lilelile. Wizara ikaandika andiko jipya, na wale wenye huruma wakatoa ruzuku kubwa kuliko ya kwanza, Mradi wa Kumrejesha Korongo. Sehemu kubwa ilipotelea njiani inakopotelea. Sehemu iliyobaki ililetwa Mteremkoni, nayo ilikuwa katapila.

Kipengele alikuwa mbele yake, ameshika kipaza sauti cha mkononi. Hakututazama usoni. "Wananchi mnatangaziwa! Viota vimebainika kumdhoofisha korongo. Vitaondolewa ili apate kula na kurudi katika hali yake ya asili!"

Katapila likanguruma. Kichwa cha korongo kilikuwa pale, nyuma ya chumba cha wazazi, na ndani mlikuwa na mama mwingine amelala nyuma ya pazia la maua ya bluu.

Sijui nani alianza. Mimi najua tu nilishuka, magoti yakinilaumu, nikakaa juu ya kiota cha juu kabisa. Nikatandaza kanga yangu juu ya mawe. Sikujua akashuka akakaa cha pili. Wakaja wakina bibi wengine, wa kikundi na wasio wa kikundi, na vigoda vyao, na ugoro wao, na mmoja na mchele wake wa kuchambua, mpaka kila kiota kikawa na mwenyewe.

"Bibi, tokeni!" akasema Kipengele. "Mnafanya nini hapo?"

"Tunaatamia," nikasema.

"Nini?"

"Tunaatamia, baba. Sheria iko mlangoni pa zahanati, juu ya chanjo. Korongo asisumbuliwe anapoatamia."

"Lakini ninyi si korongo!"

"Basi mwambie Madamu korongo ni nini," akasema Sikujua akitikisa ugoro wake. "Tunakusubiri. Anza na silabi ya kwanza."

Dereva wa katapila akazima mashine, akatoa muhindi wa kuchoma akaanza kula. Kipengele akapiga simu makao makuu, nasi tulisikia upande wake wote. "Mheshimiwa... ndiyo, Mheshimiwa... hapana, wako juu ya viota... wote ni wa kike, Mheshimiwa... wazee... hapana, hawana mbawa, wana kanga..." Kisha akasikiliza. Akakata simu. Akafuta jasho, akafungua begi, akatoa darubini. Akasimama hatua chache kutoka nilipokaa, akaniangalia kwa darubini.

"Nimeambiwa niwahesabu," akasema kinyonge.

Ripoti imetoka, Tunu amenisomea. Inasema korongo waliokuwa karibu kutoweka wameonekana kwa wingi Mteremkoni, wote majike, watu wazima, wanaishi kwa makundi, wanakula nafaka na ugoro, na wanatoa sauti za matusi wakikaribiwa. Mradi umefaulu. Mtoto wa Tunu, aliyeletwa kiotani anyonye kivulini, ameandikwa kinda wa kwanza, na Madamu amemtumia soksi.

Katapila limeondoka, lakini tumeambiwa liko njiani kurudi pindi tutakapomaliza kuatamia. Hatuna haraka ya kumaliza. Tunapokezana, na leo ni zamu yangu, ndiyo maana mwandiko umepinda; naandikia gotini, na mguu wa kushoto umeshakufa ganzi. Siinuki. Nimeishi katika nchi ile miaka yangu yote nikiwa mtu, na sikuwahi kuonyeshwa karatasi inayosema nisisumbuliwe.